Silinda ya kusaidia stelingi kwa pikapu ya porini, wakuu nichukue saizi gani?

Chuma Porini
Wakuu habari za humu. Nina pikapu ya ekseli nzima mbele (bomba moja linabeba tairi zote mbili), nimeinyanyua na kuivalisha tairi za inchi 37 maana kazi yake ni mawe na matope, lami inaiona kwa nadra. Stelingi ni ya kawaida tu, pampu, boksi la usukani, pitmani (mkono unaotoka kwenye boksi), draglinki (rodi inayotoka pitmani kwenda upande wa tairi), tairodi (rodi inayounganisha tairi mbili za mbele). Ikiwa kwenye mwendo haina neno, ila ukisimama katikati ya mawe tairi imebanwa alafu ukazungusha usukani, pampu inalia, mkanda unapiga yowe, na ukimuweka mtu nje aangalie chesisi pale lilipofungwa boksi anakwambia inajikunja, inaonekana kwa macho kabisa. Nimeambiwa dawa yake ni silinda ya haidroliki ya kusaidia, ile inayokaa kwenye ekseli inasukuma tairodi. Nimeanza kutafuta nakuta kuna za kipenyo inchi 1.5, 1.75, 2, 2.5, mwendo wa rodi kuanzia inchi 6 kwenda juu, kuna za rodi upande mmoja kuna za rodi pande zote mbili, kichwa kimejaa. Mi nilishaanza kufikiria nibebe ile ya 2.5 nimalizane nayo. Pampu yangu imeandikwa baa 100, lita 9 kwa dakika. Nipeni muongozo.

Mzee wa Ekseli
Mkuu Chuma, kabla hujabeba hiyo 2.5 kaa kwanza. Kila mtu anaanzia kwenye kipenyo kwa sababu ndo namba inayovutia, lakini kitu cha kwanza ni mwendo wa rodi, cha pili ndo kipenyo, na kipenyo anayekipanga ni pampu yako, sio tairi zako.

Fanya hivi. Nyanyua mbele matairi yaning'inie, kata usukani mpaka nako (kile kiungo cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na tairi) iguse boliti ya stopa upande mmoja, weka alama kwenye tairodi pale unapotaka kufunga sikio la silinda, alafu kata mpaka upande wa pili upime ile alama imetembea kiasi gani. Usikadirie kwa macho, na usipime kwenye draglinki. Ukipata namba ilete hapa tuendelee.

Oili Chafu
Mi nafunga 2.5 kwenye gari zote na hazijawahi kunisumbua. Nguvu haijawahi kuwa nyingi.

Mzee wa Ekseli
Oili Chafu wewe unafunga na pampu gani? Hapo ndo penye siri.

Chuma Porini
Nimepima mzee. Alama imetembea inchi 7 kutoka stopa hadi stopa.

Mzee wa Ekseli
Safi. Inchi 7 maana yake unachukua silinda ya mwendo wa inchi 8. Inabaki nusu inchi kila upande ambayo rodi haitumii. Hiyo nusu inchi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, unakuta mtu amefunga silinda ya inchi 6 kwenye ekseli inayotaka 7, sasa silinda ndo imegeuka stopa. Kila akikata kona mpaka mwisho pistoni inagonga kichwa cha silinda, na nguvu yote inaishia kwenye masikio uliyochomelea na kwenye tairodi yenyewe. Stopa ni kazi ya nako, zile boliti zimewekwa pale kwa ajili hiyo. Boksi lisiwe stopa, silinda isiwe stopa.

Alafu unapofunga, matairi yakiwa yameangalia mbele rodi iwe imetoka nusu, inchi 4. Ukikosea hapo, upande mmoja utakuwa na nafasi inchi nzima na upande mwingine inagonga.

Kingine ambacho watu wanasahau kupima ni urefu wa silinda ikiwa imefungwa kabisa, tundu hadi tundu. Mfano ikiwa ni inchi 15 ikifungwa, basi katikati ni 19 na ikitoka yote ni 23. Nenda chini ya gari na kipande cha bomba cha urefu huo ukiweke pale uone kama kinapita mbele ya difu, kama hakigusi yuboliti za springi, kama gari ikibonyea ekseli ikapanda hakipigi chesisi wala sampo ya injini. Silinda nyingi zinarudishwa kwa sababu ya hili tu.

Binti Spana
Naongezea hapo kwa mzee. Kata usukani pande zote ukiwa na hicho kipande cha bomba, sio matairi yakiwa yamenyooka tu. Tairodi haiendi kushoto na kulia peke yake, inachora tao kidogo, inasogea mbele na nyuma kadiri nako zinavyozunguka. Kwaiyo silinda inabadilisha pembe muda wote. Ndo maana pande zote mbili za silinda zinatakiwa ziwe na rodi endi zenye kipira cha chuma kinachoyumba, sio bushi ngumu wala pini iliyobana. Ukifunga na pini iliyobana, rodi inasukumwa kwa ubavu, sili zinaliwa upande mmoja na hujui oili inatokea wapi.

Chuma Porini
Sawa mwendo nimeuelewa, inchi 8. Sasa kipenyo. Kwa nini nisichukue kubwa?

Mzee wa Ekseli
Twende na hesabu, sio ngumu. Nguvu ni presha mara eneo la pistoni. Pampu yako baa 100, ambayo ni kama psi 1,450. Silinda ya 1.5 ikisukuma inakupa karibu kilo 1,160. Ya 1.75 karibu kilo 1,580. Ya 2 karibu kilo 2,060. Hapo unasema si ndo hivyo, kubwa inashinda. Sasa geuka uangalie mafuta. Kwa mwendo wako wa inchi 7, ile 1.5 inakunywa kama cc 200 (sentimita za ujazo) kutoka mwisho hadi mwisho. 1.75 inakunywa 275. Ya 2 inakunywa 360. Hiyo 2.5 unayoitamani inakunywa zaidi ya 560.

Chukulia unataka kukata usukani kutoka mwisho hadi mwisho kwa sekunde tatu, jambo la kawaida kabisa ukiwa unarudi nyuma kwenye mawe. Silinda ya 1.75 itadai lita 5 na nusu kwa dakika, ya 2 itadai lita 7 na ushee, ya 2.5 itadai lita 11 na zaidi. Pampu yako yote ni lita 9, na boksi nalo linakunywa lake humo humo. Alafu hiyo lita 9 sio injini ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kukanyaga mafuta), ikiwa sailensa inatoa pungufu. Ukishaizidi pampu, usukani unakuwa mgumu ghafla katikati ya mzunguko, unausubiri, alafu unalainika, alafu unakuwa mgumu tena. Mtu anasema pampu imekufa, kumbe pampu haijafa, imepewa mdomo mkubwa wa kulisha.

Oili Chafu
Mzee hapo nakubali kuhusu pampu. Zangu zina pampu kubwa na zote ni tairi za inchi 40 na zaidi, na hazikimbii popote. Ila bado nasema mwenye 37 asiende chini ya 1.75.

Mzee wa Ekseli
Tumefika pamoja. Kwa 37 na pampu hiyo, 1.75 kwa 8. Angebaki na 33 au 35 ningemwambia 1.5 inamtosha na usukani utabaki mwepesi hata kwenye spidi. Akitaka 2 basi pampu kwanza.

Dereva Pembeni
Samahanini wakuu mi mgeni kwenye haya mambo. Hiyo kilo 1,580 ni kusukuma. Na kuvuta?

Binti Spana
Swali zuri sana. Silinda ya rodi upande mmoja haina nguvu sawa pande zote, kwa sababu upande wa rodi, rodi yenyewe inakula sehemu ya eneo la pistoni. Hiyo 1.75 yenye rodi ya robo tatu inchi ikivuta inashuka mpaka kama kilo 1,290. Ile ya 2 yenye rodi ya inchi 1 ikivuta inatoa kama 1,550, yaani karibu sawa na 1.75 ikisukuma. Kwaiyo ukisoma tangazo la silinda uliza rodi ni nene kiasi gani, usiishie kwenye kipenyo. Rodi nene haipindi kirahisi ikigongwa na jiwe, lakini inakupunguzia nguvu ya kuvuta. Rodi nyembamba kinyume chake. Mi kwa gari ya mawe nachukua nene, maana rodi ikishapinda hata kidogo sili hazikai tena.

Dereva Pembeni
Asante dada. Na zile za rodi pande mbili?

Binti Spana
Hizo nguvu ni sawa kushoto na kulia, zimetulia kweli. Ila mwili wa silinda unafungwa moja kwa moja kwenye ekseli na kila rodi inavuta nako yake, kwaiyo unahitaji nafasi ndefu katikati na mara nyingi tairodi ya zamani unaitoa. Ndo zinazotumika kwenye stelingi ya haidroliki tupu, ile isiyo na boksi wala draglinki. Kwa kusaidia tu na boksi lipo, rodi upande mmoja inatosha.

Oili Chafu
Chuma kwa nini usiende haidroliki tupu kabisa? Boksi unalitupa, unafunga obito (valvu ya haidroliki inayozungushwa na usukani) chini ya usukani, hosi nne, basi. Hamna pitmani wala draglinki wala chesisi kupinda.

Mzee wa Ekseli
Kwa gari inayobebwa kwenye trela mpaka porini, sawa. Kwa gari yenye siku inapita barabarani, hapana. Mkanda ukikatika kwenye spidi na hamna chuma kinachounganisha usukani na tairi, unabaki na obito unaipampu kwa mikono. Na nchi nyingi hazikuruhusu barabarani na kitu hicho. Kwenye silinda ya kusaidia, hosi ikipasuka usukani unakuwa mgumu kama jiwe lakini bado unakata, chuma kipo. Jamaa kauliza silinda ya kusaidia, tubaki hapo.

Dereva Pembeni
Swali lingine la kijinga. Hosi za silinda zinaunganishwa wapi? Si unaweka tii (kiungo cha njia tatu) kwenye ile hosi ya presha inayotoka kwenye pampu na tii nyingine kwenye ritani, ile inayorudisha mafuta?

Mzee wa Ekseli
Sio la kijinga hata kidogo, ila usije ukathubutu. Hosi ya pampu haijui kushoto wala kulia. Presha inatoka pampu inaingia kwenye boksi, ndani ya boksi kuna valvu inayojipinda kidogo ukigusa usukani, hiyo ndo inaamua mafuta yaende upande gani wa pistoni ya boksi. Silinda inatakiwa ipate mafuta baada ya valvu hiyo. Kwaiyo boksi linatobolewa matundu mawili, moja kila upande wa pistoni yake, yanakatwa nyuzi, na hosi za silinda zinatoka hapo. Ukiweka tii kwenye hosi za pampu silinda inapata presha upande mmoja muda wote na itakupeleka inapotaka yenyewe.

Na kutoboa boksi sio kazi ya kufanya likiwa limefungwa kwenye gari. Linafunguliwa lote, pistoni inatoka, valvu inatoka, linatobolewa, linaoshwa mara tatu nne, linapulizwa na upepo kila kitundu, ndo linarudishwa na sili mpya. Chenga moja ya chuma ikibaki mle inaenda kwenye valvu, inaenda kwenye silinda, inarudi kwenye pampu. Kama una uwezo wa kupata boksi ambalo limeshatobolewa na kupimwa, chukua hilo ulale usingizi. Na kama unatoboa, nyuzi bora ni zile zilizonyooka zinazozibwa na oringi. Zile za kuchongoka zinafanya kazi ya kabari, ukizikaza sana kwenye boksi la chuma cha kumimina unaweza kulipasua.

Binti Spana
Na kwenye hosi msichanganye flea (midomo ya fitingi iliyopanuliwa) za pembe ya digrii 37 na za digrii 45. Nyuzi za kukazia kwenye baadhi ya saizi zinaingiliana vizuri tu, unakaza inashika, alafu presha ikipanda inavuja pale pale na hata uikaze vipi haikubali. Angalia mdomo wa fitingi kabla. Hosi yenyewe iwe ya haidroliki ya presha kubwa, saizi ya tatu ya nane inchi inatosha, na ipime ekseli ikiwa imeshuka mwisho kabisa na matairi yamekatwa. Hosi fupi hainyanyuki na gari, inakatika.

Chuma Porini
Nimewapata. Kuna fundi ananiambia silinda mwisho mmoja niufunge kwenye chesisi, anasema ndo penye nguvu.

Mzee wa Ekseli
Kwenye gari yako hapana. Ekseli yako inapanda na kushuka, chesisi imebaki pale. Silinda ikifungwa chesisi na tairodi, kila ekseli ikipanda tuta silinda inasukuma tairodi bila wewe kugusa usukani. Iwe ekseli kwenda tairodi, zote zinapanda pamoja. Huyo fundi labda amezoea gari zenye sasipensheni huru mbele, kule ile rodi ya katikati imeshikwa kwenye chesisi na pitmani na aidola (mkono wa upande wa pili), kwaiyo silinda nayo inaenda chesisi. Ni gari tofauti.

Na ilale sambamba na tairodi kadiri unavyoweza. Ikiinama nyuzi 15 unapoteza asilimia 3 hivi, sio tatizo. Ikifika nyuzi 30 umepoteza asilimia 13, na hiyo iliyopotea haijapotea bure, inasukuma tairodi juu au mbele mahali ambapo haitakiwi kwenda.

Oili Chafu
Hapo kwenye tairodi nami niseme. Tairodi ya kiwandani haikutengenezwa kubeba tani moja na nusu katikati yake. Weka bomba nene, kipenyo inchi 1.5 na ukuta wa robo inchi, tena lisiwe na mshono. Sikio la silinda lichomelewe kwenye bomba, zile kleampu za kubana na boliti zinateleza au zinazunguka ukikwama kwenye jiwe. Na iwe masikio mawili, boliti ipite katikati ya silinda ikiwa imeshikwa juu na chini. Sikio moja boliti inapinda, nimeziona nyingi zimepinda zimekaa kama ndizi. Upande wa ekseli vile vile, na uweke vipande vya kutegemeza pembeni. Ukiangukia kwenye nyumba ya difu ambayo ni ya kumimina, usichomelee kama unachomelea geti, inataka kupashwa moto kwanza na kupozwa taratibu. Bora uhamie kwenye bomba la ekseli.

Dereva Pembeni
Na silinda za matrekta? Nimeona ziko imara na zinapatikana kirahisi.

Binti Spana
Presha zinaiweza, nyingi zinavumilia mara mbili ya hiyo baa 100. Tatizo ni zile pini zake za kwenye uma, zina uwazi. Kwenye trekta ya kunyanyua jembe uwazi wa milimita mbili hamna anayeujua. Kwenye stelingi utausikia, unazungusha usukani kidogo tairi haijajibu. Kama fundi wako anaweza kukata ule uma na kuweka rodi endi zilizobana, na urefu wake ikifungwa ukakubali, silinda ya trekta inafanya kazi. Angalia tu na matundu ya hosi yametokea upande gani, mengi yanaangalia juu na yatagonga chesisi.

Chuma Porini
Kwenye spidi usukani unacheza wakati mwingine nikipita tuta. Silinda itaondoa?

Mzee wa Ekseli
Itaufunika, haitauondoa. Silinda ina mafuta ndani kwaiyo inatuliza, hata ile shokapu ya stelingi unaitoa ukishafunga hii. Lakini kinachosababisha kucheza ni bushi, boljointi, paneli rodi (inayozuia ekseli kwenda pembeni) kama ipo, au kasta (pembe ya nako kulalia nyuma). Tengeneza hivyo kwanza. Ukifunga silinda juu ya bushi mbovu utakuja kujua siku kitu kimekatika. Na ujiandae, usukani utarudi wenyewe polepole kuliko zamani ukitoka kwenye kona, silinda inabidi isukume mafuta yake kwanza.

Chuma Porini
Wakuu mrejesho. Nimefunga 1.75 kwa 8, rodi robo tatu, boksi nimechukua lililotobolewa tayari, tairodi mpya ya bomba nene. Kuwasha tu, nikagusa usukani, ukagoma kabisa, kama mtu kaushika upande wa pili.

Binti Spana
Hosi zimegeuka. Boksi linavuta kushoto silinda inasukuma kulia. Badilisha hosi mbili kwenye silinda, na matairi yawe juu unapojaribu. Alafu toa upepo vizuri, injini imezimwa, zungusha taratibu mwisho hadi mwisho huku mtu anaongeza oili kwenye kikombe, mpaka mapovu yaishe. Ukiwasha mapema yale mapovu yanasagwa na oili inakuwa povu jeupe, hapo unasubiri masaa. Na ni oili ya stelingi au ATF (oili ya gia otomatiki) kulingana na pampu inavyotaka, ya breki isikaribie kabisa, inavimbisha sili.

Chuma Porini
Dada ubarikiwe, ilikuwa hosi. Sasa hivi nimesimama kwenye mawe nakata kwa kidole, chesisi imetulia. Ila kulia naona ni kama wepesi kidogo kuliko kushoto, ni kawaida au nimekosea kitu?

Mzee wa Ekseli
Silinda yako ikitoka inakata wapi?

Chuma Porini
Kulia.

Mzee wa Ekseli
Basi ni kawaida, hiyo ndo tofauti ya kilo 1,580 na 1,290. Weka rejeta ndogo ya kupoza oili kwenye ritani kabla hujaenda safari ndefu, na baada ya safari ya kwanza rudia kukaza boliti za masikio yote manne, na futa rodi matope kabla hayajakauka.